Spiriti Juu ya Vigae

Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna kipindi nusu ya mji wa Same waliamini kwamba nakunywa spiriti, na nusu nyingine ni wale ambao habari ilikuwa haijawafikia.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge kule tambarare. Miaka ile mashamba yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, na neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni kupunguzwa. Tukapunguzwa. Wakata mkonge waliotoka Kigoma na Songea wakafunga mizigo, na sisi wa ofisini tukaambiwa tuchukue vilivyo vyetu tuondoke. Mezani kwangu kulikuwa na chupa nne za wino wa mihuri, yaani zambarau, nyekundu, bluu na kijani, pamoja na galoni ya spiriti niliyokuwa nasafishia herufi za taipureta. Nikauliza kama naweza kuvibeba. Karani mkuu akasema beba, nani atapiga mhuri tena hapa? Kwa hasira niliyokuwa nayo ningebeba na dirisha.

Siku hiyohiyo mafundi walikuwa wanabomoa nyumba ya meneja. Walitaka mabati na mbao, na vigae vyeupe vya bafuni walivirusha nje. Nikajaza gunia. Mafundi wakanicheka, wakaniuliza kama nakwenda kumjengea mume bafu. Nikawaambia mume sina, bafu ninalo, na wao wafanye kazi yao.

Nilijua ninachokitaka. Zamani kidogo nilikuwa nimemwaga wino kwenye kizingiti cha dirisha la ofisi, kilichokuwa na vigae kama vile, nikaufuta kwa spiriti. Badala ya kutoka, wino ulifunguka. Ulikimbia, ukajikunja, ukaacha ukingo mwembamba uliokolea rangi. Niliutazama mpaka barua ya bosi ikachelewa. Sasa sikuwa na bosi wala barua, na chumba changu cha kupanga pale Same kikawa karakana.

Unaloweka vigae siku mbili, unabandua saruji ya mgongoni kwa tindo, unasugua kwa majivu. Kisha unafuta uso kwa spiriti, maana alama ya kidole ikibaki wino unaikwepa. Unadondosha tone la wino, unadondosha tone la spiriti, halafu unapuliza kwa ganda la kalamu, upesi, kabla haijakauka. Kilichonitoa jasho ni kuziba. Mara ya kwanza nilipaka vanishi kwa brashi, brashi ikakokota rangi zote zikawa tope. Nililia, sioni aibu kusema. Halafu nikachukua bomba la kupulizia dawa ya mbu, nikalisafisha vizuri, nikatia vanishi niliyoizimua kwa tapentaini, nikapuliza kwa mbali. Vanishi ikatua kama umande. Nilirudia mara tatu, na kila mara kigae kilikauka siku nzima chini ya beseni, maana vumbi la Same halibishi hodi. Mwisho nilibandika kipande cha blanketi kuukuu nyuma, kisikwaruze meza.

Enzi za ruksa zilikuwa zimeingia, kila mtu akiruhusiwa kufanya biashara yake, na bwana mmoja alikuwa amefungua nyumba ya wageni yenye baa kando ya barabara kuu. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye mahoteli ya Arusha. Alipoona vigae vyangu akasema hizi ni kosta, za kuwekea glasi, nitengenezee dazeni mbili. Jioni ile jirani yangu alisikia kwamba nimeagizwa kosta dazeni mbili, akatangaza kuwa naingia kwenye biashara ya yale mabasi madogo yaitwayo Kosta. Aliponiona siku chache baadaye bado natembea kwa miguu, alikuja kuchungulia chumbani. Akakuta harufu. Akakuta galoni.

Habari ilifika kanisani kabla sijamaliza dazeni ya kwanza. Wazee wa kanisa wawili walikuja, wakanusa, wakatikisa vichwa. Nikaitwa mbele ya baraza, na mama yangu akaitwa kutoka Mhezi aje asikie mambo ya mwanawe. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa kule mlimani, mtu ambaye hata dengelua, pombe yetu ya miwa, haikuingia nyumbani kwake siku ya harusi. Aliteremka na lori la kabichi, akaketi kwenye benchi bila kunitazama.

"Unaweka kileo ndani ya nyumba," akasema mzee wa baraza.

"Naweka spiriti, mzee. Ya kazi."

"Na kazi yenyewe ni ya baa."

"Ni ya meza. Glasi ya maji nayo huwekwa mezani."

Mchungaji alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Akasema hakuna haja ya kulivuta jambo. "Binti yangu, Jumapili tutasoma majina ya wanaorudi kundini. Utasimama pamoja nao, utasema samahani, yaishe."

"Samahani ya nini?"

"Ya kukwaza watu tu. Yaishe."

Yaishe. Neno hilo nimelichukia tangu siku ile. Ofisini walituambia tutie sahihi tu, yaishe. Nikasema sitatubu ulevi ambao sijalewa. Mzee akafunga kitabu chake, akasema jina langu litasomwa, na nisiposimama nimejitenga mwenyewe. Maana yake hakuna meza ya Bwana, na siku nikifa hakuna wa kunizika kwa wimbo. Niliogopa. Kanisa lile nililipenda, na kwaya yake ilinibeba miaka yote niliyoishi peke yangu.

Njiani kwenda chumbani kwangu, mama alisema jambo moja tu. "Sema tu samahani, mwanangu. Nitapitaje mimi kule Mhezi?"

Kesho yake nikaendelea na kazi mbele ya macho yake, kwa makusudi. Siku ya kwanza alinipa mgongo, akachambua maharage. Siku ya pili aliichukua galoni, akaifungua, akanusa mpaka macho yakamtoka machozi.

"Mtu akinywa hii anabaki na macho?" akauliza.

"Habaki, mama."

Akaifunga. Baadaye akaomba ganda la kalamu. Alipuliza kama anayechochea moto, wino wa kijani ukapanda juu ya kigae, wa bluu ukaufuata. Alikigeuza kigae huku na huku, akasema hapa ni kilele cha Shengena asubuhi, ukungu haujaondoka. Nikakiziba kwa bomba, tukasubiri siku zake. Kilipokauka nilimwekea chai juu yake kumwonyesha matumizi. Akakiondoa upesi, akakipangusa kwa kanga, akakifunika juu ya kikombe kuzuia nzi.

"Kinakaa chini, mama."

"Kitu kama hiki nikikalishie kikombe?"

Niliacha kubishana. Mpaka leo wateja wangu wengi huvitumia hivyo, na mimi huuza.

Jumapili tuliketi benchi la tatu. Mzee alisoma majina, watu wakasimama mmoja mmoja wakiwa wameinamisha vichwa. Akasoma langu. Nikabaki nimekaa, mikono imeshika benchi. Akalisoma tena, kwa sauti zaidi. Kanisa zima likageuka.

Hapo mama akasimama. Roho ikaniuma kuliko siku ya kupunguzwa, kwa kuwa nilijua anakwenda kuniombea msamaha, na kwamba nikimwacha aseme nitakuwa mlevi maisha yangu yote. Nikashika upindo wa kanga yake nimvute aketi. Akautoa mkononi mwangu.

"Huyu hanywi," akasema. "Nimekaa naye wiki nzima, nimenusa, nimepuliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Someni jina lingine."

Akabaki amesimama. Mzee alimtazama mchungaji, na mchungaji akatazama chini. Karatasi ikageuzwa, likasomwa jina lingine, ndipo mama akaketi.