Mguu wa Mashine Uliobebwa Mgongoni

Mashine yetu ya boti ilikuwa haikojoi. Ndivyo tunavyosema huku Msimbati. Mashine nzima, ukiiwasha, hutoa kijimkondo cha maji ubavuni, na nahodha akikiona anajua kwamba pampu inapoza injini, anaendelea na safari zake. Isiyokojoa ni mgonjwa wa kufa. Ukiilazimisha itembee hivyo hivyo, inaungua, na hapo hata fundi anakupa pole tu.

Baba alituachia mashine hiyo pamoja na boti ya mbao, warithi wawili, mimi na kaka yangu. Kaka anaishi mjini na hajui hata nanga inafungwaje. Mimi ndiye niliyekuwa nikipakia mihogo na dagaa wa akina mama na kuwavusha kwenda vijiji vya mdomoni mwa Ruvuma, na wanangu walisoma kwa boti hiyo. Mashine ilipogoma, kaka alifurahi, ingawa kwenye simu alijitia huzuni. Alitaka kuiuza mashine kama chuma chakavu na boti kwa yeyote, apate kianzio cha bajaji.

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi nakuja," akasema. "Nikikuta haitembei, dada yangu, tunauza, tusilaumiane."

Nikampa jibu ambalo siliandiki hapa, kisha nikapanda gari kwenda mjini, madukani Chikongola, kutafuta spea.

Duka la kwanza wakaniambia mashine za namna ile zilishaacha kutengenezwa. La pili, kijana wa kaunta akaipiga picha ile pampu niliyoifunga kwenye mfuko wa rambo, akawaonyesha wenzake, wakacheka kama wameonyeshwa picha ya bibi harusi mwenye ndevu. La tatu wakasema wanaweza kuagiza pampu nzima kutoka nje, wakanitajia bei. Nikauliza kama kwa bei hiyo inakuja na mashine nyingine juu. Hawakucheka.

Fundi mmoja wa nyuma ya soko akanihurumia. Kwenye pampu kuna kipira chenye mabawa kinachozunguka na kusukuma maji. Kipira hicho alinipatia cha mashine ya aina nyingine, akakipunguza kwa wembe mpaka kikakaa. Lakini kikombe ambamo kipira kinazungukia kilikuwa kimeyeyuka kwa joto, na kikombe hakichongwi kwa wembe. "Tafuta mashine iliyokufa ya aina hii hii," akaniambia. "Kikombe kiko ndani ya mguu wake, hii sehemu ya chini inayozama majini."

Mashine iliyokufa ya aina ile niliijua iko wapi. Ilikuwa Kilambo, kwa mtani wangu.

Mimi Mmakonde, yeye Mmakua, makabila yanayotaniana, na kwa hiyo tangu tujuane hatujawahi kusalimiana kama watu wazima wenye akili. Ni mzee mwembamba, mwenye ulimi wa pilipili, ambaye ana ndugu pande zote mbili za mto na zamani alikuwa akiwavusha watu kwenda Msumbiji. Mashine yake ilivunjika shafti siku nyingi. Akaifunga kwenye gogo ndani ya banda la kuku, na kuku wakaifanya kitanda.

"Niuzie mguu wake," nikamwomba, na kwa mara ya kwanza nikamweleza shida yangu bila utani: kaka, Ijumaa, bajaji, yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Siuzi. Kuku wangu watalala wapi?"

"Nitakujengea banda jipya."

"Mmakonde ajenge banda? Hasira zenu hizo, msumari ukikataa utalipiga teke lote lianguke. Siuzi."

Niliondoka nimevimba. Ila kabla ya kuondoka niliomba kwenda kuwaona hao kuku wenye heshima zao, nikainama bandani na kuzimwagia mafuta ya taa nati zote nne za mguu, yalegeze kutu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka kinyesi kikaniingia kwenye kilemba.

Haikupita wiki, mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi hapo hapo kwake, akafariki. Alikuwa bibi aliyekula chumvi nyingi, amezika rika lake lote, na msiba wa mtu kama huyo ndio watani tunaupenda. Kwetu msiba bila watani umepooza. Mtani anakwenda kuwachekesha wafiwa, anavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Anaweza pia kushika mali ya wafiwa, na mwenye mali hana ruhusa ya kukasirika. Atakayekasirikia utani mbele za watu ataongelewa mpaka wajukuu zake waoe.

Nikaenda na spana ndani ya kanga.

Nakiri kwamba nilicheza vizuri. Nilivaa gauni la marehemu, nikachukua fimbo yake, nikapita kwa waombolezaji nikiwadai ugoro, mpaka mabinti zake wenyewe wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja. Kisha nikatangaza kwa sauti ya kikongwe kwamba naenda kuwaaga kuku wangu. Watu wakashangilia. Nati zililegea kama zilikuwa zikinisubiri. Nilitoka bandani na mguu wa mashine nimeubeba mgongoni kwa kanga, nikiubembeleza na kuuimbia kama mtoto mchanga, manyoya ya kuku yamenijaa kichwani.

Mtani aliona. Alisimama, akafungua mdomo, akaangalia watu walivyokuwa wakijipigapiga mapaja, akaufunga na kuketi. Nilimwona akimeza maneno, na raha niliyoipata Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kosa langu lilikuja baadaye. Kitu kilichoshikwa kwa utani kinatakiwa kiwekwe hadharani, mwenyewe apewe nafasi ya kukikomboa kwa chochote, hata kuku au kibuyu cha togwa, ndipo utani ufungwe. Mimi niliogopa atakikomboa. Watu walipokaa kula pilau, nikapanda bodaboda na mtoto wangu wa chuma mgongoni, nikatokomea.

Kikombe kilikaa. Siku mbili kabla ya Ijumaa mashine ilinguruma na kukojoa, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu ndani ya maji ya magoti. Nikampigia kaka simu hapo hapo nimringie.

"Inatembea?" akauliza. "Kweli kabisa?" Halafu akakata simu, na mimi nikadhani ameshindwa.

Ijumaa asubuhi nikashuka pwani na akina mama wenye mihogo yao. Ndani ya boti, juu ya mkeka, alikuwa ameketi mtani wangu, na redio ndogo sikioni.

"Shuka," nikamwambia.

"Nimeishika," akajibu. "Wewe hukufunga utani wako, na mimi wangu sifungi. Boti na mashine yake viko mikononi mwangu mpaka vikombolewe."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilichemka. Nilitaka kumwagia ndoo ya maji, lakini akina mama walikuwa wameshatua matenga yao na kukaa kuangalia, na wote walijua habari ya mguu. Nikabaki nimeuma meno huku natabasamu, sura ambayo mmoja wao alisema inafaa kufukuzia nguruwe shambani.

Tulikuwa bado hapo kaka alipofika baada ya swala ya Ijumaa, na hakuja na mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuja na mwenye boti za mizigo kutoka mjini, mtu mnene, mpole, mwenye pesa tayari. Mashine mbovu kaka alitaka kuiuza kama chuma. Nzima alitaka kuiuza kama mashine. Furaha yangu ya kwenye simu ndiyo iliyomletea mteja. Nikakaa mchangani.

"Mzee, shuka, boti ina mwenyewe," kaka akasema.

"Ndiyo, mimi," mtani akajibu, akamweleza yote, tangu bibi marehemu mpaka kuku, na akina mama wakawa wanamkumbusha pale aliposahau.

Kaka aliwaka. Alianza kupandisha sauti, akasikia vicheko nyuma yake, akaishusha. Akauliza basi akomboe kwa kitu gani. Mtani akaanza kutaja, na kila kaka alipokubali kitu, yeye akaongeza kingine: mbuzi, kisha mbuzi wa pili wa kumliwaza wa kwanza. Yule mnunuzi alisikiliza kwa heshima zote, kisha akamshika kaka mkono.

"Ndugu yangu, kitu kilichoshikwa na mtani mimi sinunui. Kina maneno." Wakarudi mjini.

Walipotoweka, nikamsogelea mtani. Hasira ilikuwa imeniisha.

"Mbona hukuniuzia tu siku ile?"

"Ningekuuzia, tungekuwa tumemalizana," akasema. "Huyo angekuja akauza boti pamoja na kikombe changu, na mimi ningeingilia wapi?" Akakunja mkeka. "Haya, nivushe kwa dada yangu ng'ambo. Na hasira zako usizipeleke kwenye usukani."

Nampenda yule mzee, na siku nikimwambia hivyo atanitangaza mto mzima. Kaka bado hupiga simu kuulizia, namwambia mali imeshikwa, aende Kilambo akaikomboe. Mimi mwenyewe, kama desturi inavyotaka, kila msimu nampelekea mtani ukombozi: jogoo, korosho, samaki wakubwa. Anakula mpaka mwisho, anafuta mdomo, anasema haijatosha. Nami njia nzima ya kurudi nyumbani namshukuru Mungu kwamba haijatosha.