Maji Yamekatika

Ugonjwa wa mama yangu ulianza kwa kumuulizia baba. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi, lakini mama akikaa kitako ukumbini, nyumbani kwetu Ngamiani, huuliza, "Baba yenu yuwapi?" Mwanzo tulimwambia ukweli, naye alilia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile ile. Tulipochoka kumliza, tukawa tunamwambia yuko Maramba, shambani. Akatulia. Ndivyo tulivyozoea kumdanganya, na tulizoea upesi.

Watu aliwasahau mmoja mmoja. Binti yangu, mjukuu aliyemlea na kumsomesha Kurani mwenyewe, alimwita "yule mtoto mzuri". Sala hakuisahau. Alichosahau ni kwamba ameshasali. Akikunja mswala wa adhuhuri, hata hajaupanga vizuri kitandani, anauliza kama adhuhuri imeadhiniwa, kisha anajikokota kwenda bafuni uani kutia udhu. Mchana kutwa ilikuwa hivyo. Nyayo zake zilichubuka kwa kulowa, na sakafu ya saruji haikukauka hata siku moja. Mwisho akateleza, akaangukia nyonga.

Hakuvunjika, ila kaka yangu alikuja na kufuli. Kaka huikumbuka dini anapotaka kutoa amri. "Mama hana akili tena, sala haimlazimu," alisema. "Kwa nini tumwache ajiue kwa udhu?" Nilikasirika, lakini nilimwachia afunge, maana mimi ndiye niliyemuokota pale chini. Bafu likafungwa, ndoo na kata zikafichwa. Haja zake akawa anasaidiwa chumbani.

Alasiri hiyo aliniuliza mbona hapana maji. Nikamjibu lililonijia mdomoni, "Maji yamekatika, mama." Kwetu jambo hilo si geni, halimshtui mtu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Yatarudi."

Nilipoingia tena chumbani, uso wake ulikuwa mweupe kwa chokaa. Alikuwa akiupiga ukuta kwa viganja viwili, anajipaka usoni, anajipaka mikononi. Alikuwa anatayamamu, anatia udhu kwa vumbi la ukuta. Mwanamke aliyekuwa hajui leo ni siku gani alijua vizuri kabisa afanye nini mtu asiye na maji. Nilikwenda jikoni nikalia kwa uchungu. Kaka, nilipomweleza, alifurahi. "Si unaona? Kapata la kufanya, wala hataanguka."

Alituuliza habari za maji kutwa mara kadha wa kadha, na sote tulimjibu neno lile lile. Mambo yote mengine yalipita kichwani mwake bila kukaa. Hilo likakaa.

Kando ya kitanda chake tulikuwa tukimwekea gilasi ya maji ya kunywa. Tukirudi, gilasi tupu. Tulijipongeza, ati angalau anakunywa. Midomo yake ilipoanza kupasuka tulisema ni uzee. Aliposhinda amelala, na macho yamemwingia ndani, tulisema ni ule ule ugonjwa unaendelea. Kaka alileta mafuta ya kumpaka midomoni.

Binti yangu ndiye aliyeinama siku moja kufagia uvunguni. Akaniita kwa sauti ambayo sikuipenda. Chini ya kitanda kulikuwa na sufuria, birika, chupa ya chai, kopo la maziwa na bakuli za futari. Vyote vilikuwa vimejaa maji na kufunikwa vizuri kwa visahani, kama vyakula vya mwezi wa Ramadhani vinavyongoja magharibi. Alikuwa akiivuta gilasi na kumimina humo, tone kwa tone, kwa mikono inayotetemeka. Pembeni hapakuwa na tone lililomwagika.

"Bibi, maji haya ya nani?" binti yangu alimuuliza.

"Ya wanangu. Maji yamekatika, watasali na nini?"

"Na wewe, bibi, hunywi?"

"Mie kiu sinayo. Usiyaguse, mtoto mzuri, hayo yana wenyewe."

Sijui kwa nini nilishangaa. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote alikula ukoko akidai ndio anaoupenda, na sisi tukaamini mpaka tukawa wazee. Akili ilikuwa imemtoka, tabia ilibaki. Tena tulikuwa tumeipa kazi.

Tulimkimbiza hospitali. Walimtundikia dripu, wakatuambia amekauka sana na figo zimeshindwa. Daktari aliuliza, kwa upole, kama nyumbani hapakuwa na mtu wa kumnywesha. Kaka aliangalia sakafu. Mimi nilimwambia daktari tulikuwepo sote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulirudishwa naye nyumbani afie kwake. Kaka alianza kumsomea Yasini, na mimi nikachovya pamba katika maji ya zamzam nimtone mdomoni, kama anavyofanyiwa kila anayekata roho kwetu. Pamba ilipomgusa, alifumba midomo, akageuza uso kando. Nikajaribu tena. Alisema kwa sauti ndogo, lakini maneno yote yalisikika.

"Mpe kaka'ko. Hajatia udhu."

Kaka aliacha kusoma. Niliinama sikioni mwake nikamwambia, "Mama, maji yamerudi. Yako tele, kunywa." Nilirudia mpaka sauti ikanikauka.

Uongo wetu wote alikuwa ameusadiki. Hili moja la kweli, kwamba maji yako tele, hakulisadiki.