Wa Kwanza Kuzikwa

Kila nikikunjua jora la bafta nyeupe hapa ng'ambo, kwenye soko la nguo la Liuhua, harufu ya wanga wake hunirudisha kijijini kwetu kabla hakijawa na jina. Tulikuwa tumehamia juzijuzi, na wazee walishikilia desturi: mahali huitwa kwa jina la wa kwanza kuzikwa pale. Watoto tulibishana nani ataanza. Mimi nilimtaja bibi, tukacheka.

Akaanza mdogo wangu wa kike, kwa homa ya siku mbili. Sanda yake ilinuka hivihivi.

Tuliporudi kutoka kumzika, mzee mmoja alimwambia mama, "Sasa hapa ni kwetu."

"Ni kwenu," mama akajibu.

Hakukitaja kijiji kwa jina mpaka anakufa.

"Mzigo unakwenda wapi, ndugu yangu?" ananiuliza Mzanzibari wa kago, anayetusafirishia mizigo nyumbani.

Nachukua kalamu, naliandika jina la mdogo wangu juu ya robota.