Vidole vya Paskazia

Ukiingia saluni kwa Paskazia, pale Msalato nje ya Dodoma, utapokewa na kicheko chake, kisha swali: "Leo tunasuka nini? Maana hayo uliyokuja nayo hata mbuzi atayakataa." Hakuna anayekasirika. Wanachuo, walimu, watumishi wa Bunge, mama ntilie wanaopikia mafundi wa uwanja wa ndege, wote wametaniwa na wote hurudi. Mimi ni mteja wake wa miaka mingi. Mengi ya haya amenisimulia mwenyewe huku akinivuta nywele, na mengine nimeyaona.

Paskazia ni Msandawe wa Farkwa. Alikuja mjini baada ya kuolewa na Damas, fundi wa kupiga lipu, mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima mkewe huyamaliza kwa pumzi moja. Kusuka alijifunzia hapa hapa, na mikono yake ilikuwa na kasi ya ajabu. Alikuwa akimaliza yeboyebo za kichwa kizima kabla mteja hajamaliza kumsema wifi yake.

Shida ilianzia kwenye kidole cha shahada. Kilivimba chote, kuanzia shinani hadi nchani, kikawa kama soseji. Kikafuata cha kati cha mkono wa pili. Asubuhi vidole vilikuwa vigumu kiasi kwamba Damas ndiye aliyemfunga kitenge, halafu jua likipanda vikalegea kidogo. Jirani mmoja alisema hiyo ni gauti, aache nyama. Paskazia akaacha nyama, jambo ambalo kwake halikuwa dogo, na vidole vikaendelea kuvimba. Mwingine akasema ni maji baridi, basi akaanza kuosha wateja kwa maji ya moto, wakapiga kelele mpaka yakapoozwa. Zahanati alipewa dawa za maumivu. Zilimsaidia siku chache, maumivu yakarudi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu isipokuwa Damas. Kwa miaka, kwenye viwiko, nyuma ya masikio na ndani ya nywele zake, alikuwa na mabaka mazito yenye magamba meupe yaliyodondoka kama unga. Aliyaficha kwa mikono mirefu na kilemba. Mafuta ya kupaka aliyanunua duka la dawa akisema ni ya mtoto.

"Msusi mwenye magamba kichwani," aliniambia baadaye, "nani atamkalia?"

Siku moja alikuja Shamimu, mtumishi wa Bunge, kusuka rasta kwa ajili ya harusi ya mdogo wake kesho yake. Paskazia alifika nusu ya kichwa, vidole vikagoma kabisa. Alivikanda, akavichovya kwenye maji ya uvuguvugu, wapi. Shamimu alijitazama kwenye kioo, upande mmoja bibi harusi, upande wa pili mtu aliyetoka kulala, akaanza kuhema.

Damas alikuwa nyuma ya saluni akiziba ufa ukutani.

"Baba Evelina!" Paskazia aliita. Evelina ni binti yao mkubwa. "Nawa mikono uje hapa."

"Kuna nini?"

"Unasuka."

"Mimi?"

"Kwani Evelina alipokuwa mdogo nani alikuwa anamsuka mabutu nikiwa sokoni? Shika kitana. Gawa mstari. Mwembamba, baba, hiyo ni nywele si barabara!"

Damas alisuka. Mwanzoni jasho lilimtiririka kama yuko juu ya jukwaa la ujenzi, lakini mkono uliozoea kunyoosha lipu hautetemeki ovyo, na mistari yake ikaanza kutoka sawa. Paskazia aliketi pembeni akimwelekeza, Shamimu akacheka mpaka machozi. Jioni nywele zilikuwa zimekwisha, na kwa kweli upande wa Damas ulikuwa umenyooka zaidi. Wiki iliyofuata mafundi wenzake walikuja kuchungulia dirishani wakimwita Mama Saluni. Naye akawajibu, kwa utulivu wake, kwamba kama wana wake zao wawalete.

Ni Shamimu huyo aliyemshika Paskazia mkono jioni ile kabla ya kuondoka. "Dada, hii si ya kukaa nayo nyumbani. Shangazi yangu alikuwa na vidole hivi hivi. Hospitali kubwa mjini kuna daktari bingwa wa viungo. Omba rufaa uende."

Paskazia aliomba, akapata. Siku ya kliniki alivaa vizuri, akapaka kucha rangi nyekundu, akaenda na Damas.

Daktari aliitwa Ambokile, mtu wa Mbeya, wa makamo, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama. Karibu. Tuione hiyo mikono."

Alivibonyeza vidole kimoja kimoja, akauliza asubuhi hukaa muda gani kabla havijalegea. Kisha akasema, "Naomba tuitoe hii rangi ya kucha."

"Daktari, nimepaka jana tu!"

Nesi akaleta pamba na dawa ya kufutia. Kucha zilipobaki wazi zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano, na moja ilikuwa imeanza kuachana na nyama.

"Ngozi yako ikoje, mama?"

"Nzuri."

"Viwiko?"

Paskazia akanyamaza, jambo ambalo Damas anasema hakuwahi kuliona tangu amuoe.

"Ndani ya kilemba je?"

Paskazia akakishika kilemba kwa mikono miwili. Ndipo Damas akasema, "Mama Evelina, tumetoka nyumbani alfajiri. Fungua kilemba."

Akafungua. Daktari alitazama nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, akaketi, akatabasamu kama mtu aliyeona funguo zake alizozitafuta. "Mama, huna magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja. Hii ya ngozi inaitwa soriasisi. Kinga ya mwili inajichanganya, inashambulia ngozi yako mwenyewe, na kwa baadhi ya watu inashuka mpaka kwenye viungo. Tutapima damu na kupiga picha ya mikono, lakini kucha zako zimeshanisimulia sana."

"Inaambukiza?" Hilo ndilo swali lililomkaa kooni miaka yote.

"Haiambukizi. Hata usuke Dodoma nzima."

Paskazia alilia kidogo, halafu akacheka, halafu akamgeukia Damas. "Umesikia? Na yale mafuta ya mtoto nimejificha nayo bure!"

Alianzishiwa vidonge vya kunywa mara moja kwa wiki, si kila siku, na hilo daktari alilirudia mpaka Damas naye akalitamka. Alitakiwa kupimwa damu mara kwa mara kuangalia ini, na mazoezi ya vidole alifundishwa. Kwa wiki kadhaa hakuona kitu, akanung'unika. Kisha asubuhi moja alijifunga kitenge mwenyewe, akatoka nje kumwonyesha jirani. Mabaka yalipungua. Kidole kimoja bado hakinyooki vizuri na akisuka mno humuuma, ila sasa hajifichi. Mteja mpya akitazama viwiko vyake, humwambia, "Ni ngozi yangu inagombana na mimi, wewe haikujui."

Daktari alikuwa amemuuliza kama kuna ndugu mwenye hali hiyo, na Paskazia akamkumbuka mjomba wake Methusela, mrina asali kule Farkwa, ambaye vidole vyake vilipinda zamani na kila mtu alisema ni sumu ya nyuki. Baada ya mavuno alimfuata. Walibishana kwa Kisandawe, lugha ya vidoko, ndimi zikigonga kaakaa pande zote mbili, mpaka mzee akakubali kuja mjini.

Mimi nilikuwa saluni waliporudi kutoka kumpeleka mzee kliniki, na Damas ndiye aliyetusimulia, maana Paskazia alikuwa anacheka hata hawezi kusema. Daktari alimkuta mzee na ugonjwa ule ule, akamweleza dawa, kisha akamwambia pombe aache, ini lisije likaumia.

"Ya asali pia?" mzee aliuliza.

"Ya asali pia, mzee wangu."

"Na ya Pasaka?"

"Na ya Pasaka."

Mzee akamgeukia mpwa wake akasema maneno marefu kwa Kisandawe.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema wewe ni mtu mzuri sana," Paskazia alijibu, "ila inaonekana hujawahi kufika Farkwa."

Vidole vya mzee vilivyopinda havikunyooka, na daktari hakumdanganya kwamba vitanyooka. Lakini uvimbe ulishuka, na kabla ya kiangazi kwisha alikuwa analala usiku kucha bila kuamka kukanda mikono. Kliniki iliyofuata alipanda basi peke yake, akafika na dumu la asali mbichi. Alimkabidhi daktari mbele ya foleni nzima, akamwambia aile upesi, kabla yeye hajabadili mawazo akairudisha nyumbani kuipikia pombe.