Ukuta wa Upande wa Bahari

Nilitoka Rusayl, kwenye viwanda nje ya Muscat, asubuhi moja bila ya kumuaga mtu. Wenzangu wa chumbani, nyuma ya ghala, walikuwa wameshaingia zamu na vitanda vyao vimetandikwa. Niliweka nguo kwenye begi, nikazifunga brashi zangu mbili nzuri kwa gazeti, nikasimama barabarani mpaka pikapu iliyobeba mabomba ikapunguza mwendo. Dereva akaniuliza nakwenda wapi. Nikamuuliza yeye anakwenda wapi. Akasema Matrah. Nikamwambia na mimi.

Ndivyo nilivyoishi tangu jamaa zangu waliponileta Oman kutoka Unguja, kijana niliyekwisha kuiacha shule. Kazi huipenda mpaka nimeijua, kisha miguu huanza kuwasha. Ghala lile lilikuwa la rangi. Kazi yangu ilikuwa kupakia makopo, lakini mimi husoma kila kilichoandikwa, na nyuma ya kopo la rangi pameandikwa mengi. Nilisoma Kiarabu chake, kisha Kiingereza chake, nione kama yanasema jambo moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyeupe ile ile hutengenezwa kwa namna kadhaa: isiyong'aa kabisa, yenye mng'ao mdogo kama kanga mpya ambayo haijafuliwa, na ile inayong'aa kama sahani. Wanunuzi huuliza rangi gani. Ni wachache wanaouliza itang'aa vipi, na itakwenda chumba gani. Baadaye nilipopata vibarua vya kupaka, niliingia nyumba nyingi zilizoharibika kwa swali hilo lisiloulizwa.

Matrah nilikaa ukingoni mbele ya Bandari ya Sultan Qaboos. Meli ya watalii ilikuwa imefunga gatini. Mzee mmoja mwenye kofia pana akanipa simu yake nimpige picha na mkewe. Nikawapiga mara tatu, wakaziangalia, wakanishukuru, wakaondoka. Nilibaki nikiona ajabu jinsi nilivyofurahi kuzungumzishwa. Nikanyanyuka, nikafuata barabara, nikaipita Muscat ya zamani, na adhuhuri nikawa Sidab, shati limenigandia mgongoni.

Kwenye kichochoro kimoja mlango ulikuwa wazi, na mwanamke ndani anazungumza na simu kwa Kiswahili cha kwetu.

"Nshakwambia, sitaki nyumba yangu ing'ae kama zahanati."

Nikasimama. Kiswahili peke yake kisingenisimamisha, maana Muscat hukisikia hata kwenye foleni ya mkate. Kilichonisimamisha ni alichokisema. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mpita njia, Bi Mkubwa. Shikamoo. Nimesikia habari za rangi."

"Marahaba. Umesikia kutoka barabarani? Una masikio wewe." Akatokea, bibi mfupi, buibui begani, simu bado mkononi. "Fundi?"

"Nimepaka nyumba nyingi."

"Sikukuuliza hilo."

"Fundi, basi."

"Kwenu wapi? Wa nani?"

Nikamtajia babu yangu. Akafikiri, akasema hamjui, lakini alimjua mtu aliyenunua nyumba ya jirani yake. Hilo likatosha. Nikaingia.

Alikuwa akikaa peke yake. Mumewe alikuwa ameshafariki, na watoto wamehamia Seeb kwenye nyumba mpya. Mwanawe mkubwa, yule wa kwenye simu, alitaka nyumba yote ipakwe wiki ile, ipangishwe, na yeye mama ahamie kwake.

"Chumba nshatengewa," alisema. "Kina kiyoyozi, kina televisheni. Wote wanatoka asubuhi, wanarudi magharibi. Ntazungumza na televisheni."

Nikamwambia natafuta kazi, na pahala pa kulala. Hilo la pili nililisema kwa sauti ya chini. Mitaa ya familia haipangishi mwanamume asiye na mke. Azabu, wanasema, na mlango unafungwa. Nilikuwa nimeshalisikia neno hilo kwenye milango mingi, na usiku ule sikuwa na pa kwenda.

Akasema, "Hebu tazama vyumba kwanza."

Tukaanza jikoni. Nikamwambia jikoni panataka mng'ao mdogo, mvuke na bizari vifutike kwa kitambaa. Milango na vizingiti viachiwe rangi ya mafuta inayong'aa, kwa kuwa mikono haiishi kuvishika. Chumba cha kulala kipakwe isiyong'aa, macho yapumzike. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, na mimi nikazidi kusema, kama mtu aliyekaa kimya muda mrefu.

Majlisi, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa na mlango wake wa nje, mazulia ukuta hadi ukuta na mito ya kuegemea. Madirisha yalikuwa chini, mwanga ukiingia kwa ubavu na kuonyesha kila kilima cha lipu. Nikasema bila ya kusita, "Hapa isiyong'aa kabisa, juu mpaka chini. Iking'aa, mabonde yote yataonekana."

"Kaa," akasema.

"Nimeshaona, Bi Mkubwa."

"Umeona umesimama. Hapa hasimami mtu. Kaa."

Nikakaa juu ya zulia, nikaegemea. Nikageuza uso, na usawa wa kichwa changu, ukutani kote, palikuwa na madoa ya rangi ya chai, moja baada ya jingine. Mafuta ya nywele, jasho, moshi wa udi unaopitishwa baada ya kahawa.

"Kopo lako halikukuandikia hayo?"

"Halikuandika."

"Waliolitengeneza wanakaa vitini." Akanyoosha kidole. "Lile marehemu. Lile shemeji yangu, mrefu. Huyu wa pembeni jirani, alikuwa akisinzia. Kila Ijumaa. Sasa nikifukiza, nafukiza mazulia."

Nikatengeneza upya ushauri wangu pale pale nilipokaa: kutoka sakafuni mpaka juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu aliyekaa, mng'ao mdogo unaofutika, juu ya hapo isiyong'aa, na dari pia.

"Sasa unasema," akajibu.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wa chumba cha nyuma, upande wa bahari. Rangi ya zamani ya mafuta ilikuwa imevimba mapovu makubwa. Nilibonyeza moja, likapasuka, unga mweupe wa majimaji ukanimwagikia mkononi. Ndipo mwanawe akaingia na makopo mawili ya rangi inayong'aa, kavaa dishdasha safi, kanzu ya Kiomani, mtu wa rika langu, ana adabu.

"Salaam alaykum. Mama, huyu nani?"

"Fundi. Anasema rangi yako ibaki kwenye milango."

Akanitazama, akatazama begi langu sebuleni. "Haya, fundi. Hapa panahitaji nini?"

Nilijua jibu, na nilijua litakavyosikika. "Hapa pakwanguliwe mpaka kwenye lipu, kisha paachwe hivyo hivyo, pakauke. Wiki kadhaa. Halafu isiyong'aa ya maji, ukuta upate kupumua. Ukipaka hii leo, itapasuka kabla mpangaji hajazoea mlango."

"Wiki kadhaa." Akacheka kidogo. "Na ukuta ukikauka, wewe utakuwa wapi?"

"Sijui."

"Humu humu, si ndiyo? Unakula, unalala, unausubiri ukuta."

Ningekuwa mahali pake ningesema hayo hayo. Nilikuwa nahitaji kitanda, na ukweli wa ukuta ule ulikuwa umenitengenezea kitanda. Nikamwambia, "Naweza kuondoka sasa hivi. Hautakauka upesi kwa kuwa nimeondoka."

Akatoa ufunguo wa gari, akakwangua mwenyewe. Ngozi ya rangi ikatoka upana wa sinia, na chini yake ule unga.

"Lamba," mama yake akasema.

"Mama."

"Lamba, hufi."

Akaweka kidole ulimini. Uso wake ukabadilika kama wa mtoto aliyepewa dawa. "Chumvi."

"Bahari hiyo. Unataka kuifungia ndani kwa mafuta."

Akafuta ufunguo kwa leso. Kisha akamgeukia mama yake. "Kwa hiyo huhami mpaka ukauke."

"Ntahama vipi na fundi yumo ndani?"

"Nyinyi mmepangana."

"Tumeonana leo adhuhuri," bibi akasema. "Hata chai sijampa."

Mwanawe akacheka, safari hii kwelikweli, lakini alipoyabeba makopo kuyaweka ukumbini alitembea polepole. Aliporudi alitoa masharti. Kipo chumba uani alichokuwa akilala dereva wa baba yake, kina mlango wake wa kichochoroni. Nitumie mlango huo. Nisiingie ndani ila yeye au nduguye yupo, au wajukuu wapo. Atawaleta zamu kwa zamu. Mama yake alilisikia hilo la wajukuu na akajishughulisha na pindo la buibui.

Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, feni na dirisha la kuchungulia tu. Baada ya magharibi, mwanawe ameshaondoka, bibi aligonga ule mlango mdogo unaotazama uani, akaniachia kizingitini sahani ya wali iliyofunikwa, pamoja na mto wa kulalia.

"Mgumu mto huo," akasema kutoka gizani. "Utaanza wapi kesho?"

"Kukwangua. Huko nyuma."

"Vyema. Wala usiukimbize ukuta."

"Hauwezi kukimbizwa, Bi Mkubwa."

"Nnajua. Nakwambia tu."

Nilisikia kandambili zake zikivuka ua, kisha madirisha yakifungwa, chumba baada ya chumba, nyumba kubwa kwa mtu mmoja. Komeo lake lilipoingia, nikala.