Meli Iliyouzwa kwa Nyundo, Ikauzwa Tena kwa Mshumaa

Mama Nyundo alinyang'anywa leseni ya udalali wa mahakama, kazi aliyoifanya tangu kifungua mimba wake akiwa mgongoni, kwa kosa la kufunga ubao kwa kamba. Hakuiba, hakula rushwa, hakuuza mali ya yatima. Alifunga ubao. Na waliomnyang'anya ni watu wazima wenye majoho meusi na vitambi vya heshima, ambao hata mmoja wao hajawahi kupanda meli akiwa na nyundo mkononi.

Dalali wa mahakama ndiye anayeuza mali za watu walioshindwa kesi: makabati, majokofu, mabasi yaliyokufa injini. Mama Nyundo alikuwa na sauti ya kubandua rangi ukutani, na hakuwa na staha hata kidogo kwa kitu kilichokwisha kuandikiwa mnada. Ukinyoosha mkono kutaka kitanda, atakuuliza mbele ya kadamnasi kama mkeo ana habari. Watu walifurika minadani kwake bila nia ya kununua hata kijiko.

Siku moja akakabidhiwa meli. Ilikuwa meli ya mizigo iliyoota kutu hadi usijue rangi yake ya ujanani. Mwenyewe ametokomea, na mabaharia wake wanaishi humo kwa biskuti na hisani ya walinzi wa bandari. Jaji aliamuru iuzwe. Sasa, sheria ya kuuza meli, iliyotungwa zama za meli za mbao na tangu hapo haijaguswa na mtu, ilisema tangazo la mauzo lipigiliwe msumari kwenye mlingoti. Mlingoti wa meli hii ulikuwa wa chuma, kama ilivyo milingoti yote ya siku hizi. Madalali wa bandari ile walikuwa na dawa yao ya miaka mingi: unapigilia tangazo kwenye ubao, kisha unaufunga ubao mlingotini. Msumari upo, mlingoti upo, sheria itulie.

Mumewe, ambaye ni seremala, alimtengenezea ubao, akaupiga msasa, akaanza kuupaka vanishi.

"Baba watoto, hilo ni tangazo la mahakama, si jeneza la waziri."

"Mke wangu hatundiki takataka melini," akajibu seremala, wala hakuinua macho.

Nyundo ilipogonga meza, meli ikawa ya Bwana Chuma, mfanyabiashara wa vyuma chakavu, mnene, mwepesi wa kutokwa jasho, mwenye taulo la kudumu shingoni. Kwa sheria ya pale, nyundo ya mahakama huiosha meli. Madeni yote ya zamani huhamia kwenye pesa ya mnada, wadai wakagombanie huko, na meli yenyewe hutoka safi kama mtoto mchanga. Bwana Chuma alikusudia kuikatakata, lakini alipoipaka rangi akaipenda kama mchumba. Akaipa jina jipya, akaituma ng'ambo kubeba saruji.

Huko ng'ambo alikuwepo muuza mafuta ya meli aliyekuwa akimdai yule mwenye meli wa kwanza. Aliitambua licha ya vipodozi vyake, akaenda mahakamani, na meli ikakamatwa upya. Bwana Chuma alimkimbilia dalali wake akitweta.

"Dada, twende ukawaambie uliniuzia kihalali!"

"Kwani karatasi za mahakama huna?"

"Ninazo! Wanasema ni karatasi za kwetu."

"Walitaka ziwe za mbinguni?"

Akaenda. Katika mahakama ya ng'ambo, wakili wa muuza mafuta aliinua juu picha ya mlingoti na ule ubao wenye vanishi. Akauliza, kupitia kwa mkalimani, kama sheria ya nchi yake shahidi inataka msumari uingie mlingotini. Inataka. Je, uliingia?

"Mheshimiwa, mwambie wakili akapigilie mwenyewe, mimi nitamshikia koti."

Mkalimani akatafsiri kitu kifupi zaidi.

Mahakama ikakata kauli kwamba mauzo yale hayakufuata hata sheria ya kwao, kwa hiyo haiyatambui, na meli iuzwe tena. Siku ya kuuza, karani aliingia na sahani, na juu ya sahani mshumaa mdogo wa kufaa keki. Huo ndio mnada wao: bei hutajwa mshumaa ukiwaka, na sauti ya mwisho kabla haujazimika ndiyo inayoondoka na meli. Mama Nyundo alitazama mshumaa, akatazama feni ya dari ikizunguka juu yake, akaangua kicheko hadi askari wa mahakama akaja kumgusa bega. Hawa ndio waliomdhihaki kwa kamba! Meli nzima inaning'inia kwenye utambi, na wenye majoho wamekaa kimya wakiukodolea macho kama paka.

Aliyeshinda alikuwa mama mmoja mwenye miwani minene, mfanyabiashara wa nafaka, ambaye hajawahi kumiliki hata mtumbwi. Naye aliambiwa kwamba, kwa sheria ya kwao, meli imetakata kama mtoto mchanga.

Habari zilifika nyumbani kabla ya Mama Nyundo. Jaji aliyeamuru mauzo ya kwanza, kwa aibu ya kusomwa magazetini, alitafuta wa kumbebesha mzigo, akampata. Leseni ikasimamishwa, na akaonywa kuwa, mauzo yake yakithibitika kuwa batili, asahau kazi hiyo maisha yake yote. Kibao chake cha mlangoni kikageuzwa uso ukutani. Akawa anashinda karakanani kwa mumewe akiuza vigoda.

"Kigoda hiki! Kimekaliwa na nani? Hakuna! Nani ataongeza?"

"Mama watoto, kigoda kina bei yake. Usikipigie mnada."

"Basi nifanye nini na mdomo huu?"

Kilichomwokoa hakikuwa haki. Nisingependa msomaji ajidanganye. Ulikuwa wivu wa mahakama moja kwa nyingine. Mama wa miwani, asiyejua lolote, aliileta meli yake katika bandari ileile kupakia mahindi, naye akiwemo ndani. Bwana Chuma aliiona, akaangusha taulo, akakimbia mahakamani. Meli moja, wenyewe wawili, kila mmoja ana mihuri, na jaji ni yuleyule. Mama Nyundo alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Mauzo ya nani yangesimama? Hapo ndipo leseni yake iliponing'inia.

"Kabla ya mauzo yenu," jaji akamuuliza wakili wa mama wa miwani, "tangazo lilipigiliwa mlingotini?"

"La, mheshimiwa. Kule hutangazwa gazetini."

"Kisha wakauza vipi?"

"Kwa mshumaa, mheshimiwa."

Jaji akaweka kalamu chini. "Mshumaa."

"Ni utaratibu wa karne nyingi, mheshimiwa."

"Na umeme ulikuwepo?"

Watu wakaguna. Jaji akatamka kwamba mauzo ya mahakama yake hayawezi kuzimwa kwa pumzi, na kwamba ule ubao, uliokuwa fedheha hadi jana yake, ni njia ya busara ya kutekeleza sheria. Meli ni ya Bwana Chuma. Dalali arudishiwe leseni leo hii. Kumwomba radhi hakukutajwa.

Kwenye korido Mama Nyundo alimkuta mama wa miwani amekaa benchini, viatu amevivua.

"Mimi nilikosa nini, dada?" akauliza kwa lugha ya kuokoteza bandarini.

"Hukukosa kitu. Ulinunua kwa mshumaa, umehukumiwa kwa msumari."

"Na wewe ulikosa nini?"

"Nilifunga ubao kwa kamba."

Wakatazamana, wakacheka kicheko kisicho na utamu.

Jioni seremala alikigeuza kibao cha mkewe, akakifuta vumbi kwa kiganja, akangoja asifiwe.

"Sasa yule mama," mkewe akauliza, "atarudi kwao na nini? Si alikuja na meli?"

Tarehe 7 Desemba 2022, kwa sababu ya mikasa ya namna hii, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba unaozitaka nchi zinazojiunga nao kuyatambua, ila kwa sababu chache mno, mauzo ya meli yaliyofanywa na mahakama ya nchi mwenzao na kupewa cheti kwamba meli imetakata.