Harufu Aliyoisikia Mama Peke Yake

Blanketi la sufu likiguswa na pasi ya moto hutoa harufu nzito, ya nywele na vumbi. Juzi niliisikia kwa jirani, nikajikuta tena Brampton, ughaibuni, nina miaka minane, nimesimama na wazazi wangu kwenye gereji yenye baridi.

Mama alikuwa muuguzi. Kila asubuhi aliendesha gari letu kuukuu kutoka tulikopanga, vyumba vya chini ya nyumba ya watu, hadi hospitali ya mjini, safari ndefu ya foleni. Majira yale ya baridi alianza kurudi kichwa kinamgonga, akisema njiani anasikia kitu kinaungua. Baba alilizungusha gari mtaani, akanusa, asisikie kitu. Nami nilinusa, nikamwambia Mama kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikielewa tu, kwamba linanuka chipsi. Mama hakucheka. Tangu hapo hakuitaja tena harufu ile.

Siku ya kubadilisha oili tulikwenda sote. Fundi alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Mama alimsimulia kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba huenda ni kichwa chake tu. Fundi aliiacha injini ingurume mpaka ikapata moto, kisha akamulika tochi nyuma yake. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva kuna mkeka mnene wa nyuzi, kama blanketi la sufu, wa kuzuia joto na kelele. Vibanio vyake vilikuwa vimekatika, nao umelegea hadi kulalia bomba la moshi. Injini ikichemka, mkeka uliungua polepole, na moshi ukapenya ndani kupitia matundu ya hita.

Injini ilipopoa aliutoa, pembeni mweusi kama mkate ulioungua. Akaulaza juu ya mkeka mpya, akakata kwa kuufuatisha, akaubana mpya kwa vibanio vya chuma.

“Huumwi, mama,” alisema akijifuta mikono. “Linaloumwa ni gari.”

Mama aliketi juu ya tairi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Niliona aibu, nilidhani analilia gari.

Nilikuwa chuoni aliponieleza. Muuguzi anajua kwamba kusikia harufu ya kuungua wasiyoisikia wengine huweza kuwa dalili ya uvimbe kichwani. Baba, ambaye kila nikikohoa alinikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, hakujua kwamba analala na mficha maradhi. Mama alikuwa ameshampigia simu shangazi yangu wa Nakuru, akamwomba anilee likitokea la kutokea.

“Tulipotoka gereji,” aliniambia, “nilimpigia tena, nikamwambia asikutandikie kitanda.”